Pwani Niliyoiandika Kuwa Tupu

Sentensi yenyewe ni fupi: "Leo kazi ya makumbi imekwisha, na pwani imebaki tupu." Kwa Kiswahili ni maneno tisa. Niliiandika miaka saba iliyopita kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani kwetu Kiembe Samaki, na nilipoimaliza niliisoma kwa sauti mara mbili, kama mtu anayejaribu gauni jipya mbele ya kioo. Ilinipendeza. Nikaiweka mwisho wa sura ya tano ya kitabu changu, na sura ya tano ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Wasomaji wa nchi za mbali waliniandikia kwamba imewaliza. Mimi sikulia. Nilifurahi tu kwamba naweza kuwaliza watu.

Haikuwa kweli. Kazi ilikuwa haijaisha, na pwani ilikuwa imejaa.

Mimi ni mwanahistoria, na historia yangu ni ya kazi za mikono na mazingira yake: nani alibeba, nani alichimba, nani alichuma, na kazi hiyo iliifanya nini ardhi na bahari. Nilianza na makuli wa bandarini, nikaenda kwa wachumaji wa karafuu, na kote huko nilikuwa nikisoma karatasi. Karatasi nazijua. Nipe barua ya karani aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa, nitakwambia alikuwa akimwogopa nani. Walio hai ndio walionishinda.

Niliposema sasa nitaandika habari za wanawake wa pwani, wenzangu chuoni walinipongeza. Kazi ya makumbi ilikuwa haijaandikwa vizuri na mtu yeyote. Mwanamke huchukua makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, akayafukia katika shimo lake ufukweni, mahali ambapo bahari hufunika na kufunua, akayawekea mawe juu yasichukuliwe na maji. Hukaa humo miezi mingi mpaka yaoze na kulainika. Kisha huyafukua, huyaponda kwa gongo, hutoa usumba, na usumba husokotwa kamba. Kila shimo lina mwenyewe. Halina hati wala kibao. Lina mawe yaliyopangwa, na mwenye shimo alionyeshwa na mama yake, na mama yake alionyeshwa na mama yake.

Ila ukitaka kuyaona mashimo hayo lazima maji yatoke mbali, na maji hutoka mbali siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za katikati ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haitoki sana, na tangu asubuhi mpaka adhuhuri imekaa pale pale juu ya mashimo. Hayo anayajua kila mtoto wa shamba. Mimi nilizaliwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, baba yangu karani, na mama yangu hakupenda tushuke pwani tukarudi na mchanga ndani ya nyumba. Bahari kwetu ilikuwa kitu cha kutazamwa dirishani. Kujaa na kupwa kwa maji nilikujua kama nilivyojua majina ya milima ya Ulaya, kwa ajili ya mtihani.

Chuoni nilikuwa na vipindi siku zote isipokuwa Jumatano, na Jumatano moja kati ya mbili ilikuwa ya kikao cha idara, na mwenyekiti ni mimi. Ikabaki Jumatano moja kila wiki mbili. Bahari nayo huenda kwa wiki mbili mbili. Jumatano yangu ya kwanza iliangukia maji mafu, na kwa hivyo zilizofuata nazo zikaangukia maji mafu. Nilikwenda mara nne. Natoka nyumbani baada ya chai, nafika saa nne, saa nane nimeshageuza gari. Mara nne nilikuta maji yamejaa, yana rangi ya kupendeza, na hakuna mtu. Nikapiga picha nyingi.

Na huku chuoni nilikuwa nikiwakemea wanafunzi wangu: "Historia ya kazi haiandikwi kwa kukaa kitako! Nendeni mkaone!" Mmoja aliniletea tasnifu ya wavuvi aliyoiandika bila kutoka mjini. Nilimrudishia mbele ya wenzake, nikamwambia amevaa miwani ya mbao, hana haya. Namkumbuka alivyoinamisha kichwa, akazikusanya karatasi zake moja moja. Nilikuwa mkali, na niliujua ukali wangu na kujisifu kwa huo.

Kijiji kile kiko upande wa Matemwe; jina lake sitalitaja. Mwenyeji wangu alikuwa mjane wa umri wa mama yangu, niliyemwita Bi Mkubwa, na yeye aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Kila nikifika alinitandikia mkeka barazani, akaleta chai ya mdalasini na muhogo wa kuchemsha, akajibu kila nililomuuliza. Safari yangu ya pili alinitazama nikiandika, akacheka.

"Mwanangu, mbona waja siku za maji mafu? Njoo bamvua. Ndo utawaona watu."

"Inshallah, Bi Mkubwa."

"Si inshallah ya mjini. Njoo kweli."

Nikaandika daftarini: "Nije bamvua." Nikapiga mstari chini yake. Daftari ninalo mpaka leo, na mstari umepigwa kwa rula. Kisha sikwenda.

Nimejipa sababu nyingi. Vikao, mitihani, gari lililokuwa gereji. Zote ni za kweli na zote hazitoshi. Iliyobaki chini, ambayo imenichukua miaka kuikubali, ni kwamba nilitaka kazi ile iwe imekwisha. Kitabu changu kilikuwa kinatafuta mwisho. Habari ya wanawake walioiacha kazi ya mama zao ina huzuni nzuri, inakaa vizuri mdomoni. Habari ya wanawake wanaoponda makumbi na kulalamika migongo haina mwisho, inaendelea tu wiki hii na wiki ijayo, na mimi nilikuwa na siku ya kukabidhi mswada. Bi Mkubwa alinihadithia habari za walioacha wakaenda kulima mwani na kufua mashuka hotelini, na akanihadithia habari za walioendelea. Nikayatia kitabuni maneno yake juu ya walioacha. Sikumzulia hata neno moja. Nilimchagulia.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala. Hakujua kuisoma, kilikuwa kwa Kiingereza, na tafsiri yake ya Kiswahili niliyoifanya mwenyewe ilitoka baadaye. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga katika kanga na kukiweka juu ya kabati. Miaka hiyo nilimpigia simu sikukuu, na yeye alinipigia nilipofiwa na mama yangu. Pwani kwake sikurudi.

Mwaka jana, Ijumaa moja baada ya sala, wanawake watatu walibisha hodi kwangu Kiembe Samaki. Ni Bi Mkubwa na majirani zake wawili. Hawakupiga simu. Walikuwa wamevaa mabuibui yao ya kwendea harusini, na mkononi wana kikapu chenye pweza mkavu na bunda la kamba mpya. Ile kamba ilikuwa bado inanuka tope la pwani. Niliinusa kabla ya kuelewa ninanusa nini: kazi niliyoandika kuwa imekwisha.

Tukasalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, za watoto, za miguu. Kwetu ndege zinapita chini, zinakaribia kutua, na kila ikipita moja mazungumzo husimama kidogo. Baada ya ndege ya pili Bi Mkubwa akaanza. Kuna mwekezaji mwenye hoteli anataka kile kipande cha pwani kisafishwe, mawe yote yatolewe, wageni waoge bila kujikwaa. Ofisi inayohusika imeitisha mkutano kijijini ili iamue. Na mtu wa mwekezaji alikwenda kwa sheha na karatasi, akazisoma mbele ya watu.

"Kasoma, ati kazi ya makumbi imekwisha, pwani tupu," alisema. "Tukamuuliza, nani kasema? Akataja jina lako, mwanangu. Na uprofesa wako."

"Sie tukasema a-a," jirani mmoja akadakia. "Huyu tunamjua. Kala muhogo wetu huyu."

Bi Mkubwa akanishika mkono. "Kuna watu wanakutumia jina. Tumekuja kukwambia ujihadhari. Na siku ya mkutano uje mwenyewe, useme si maneno yako, watu wakusikie."

Walikuwa wamekuja kunionya. Wanawake watatu, mmoja wao na magoti mabovu, walikuwa wamebadilisha gari mara mbili juani ili wanilinde mimi dhidi ya sentensi yangu mwenyewe. Hapo palikuwa pahala pa kusema. Maneno yenyewe mawili tu: ni yangu. Ndege ya tatu ikapita juu ya paa, nikaishukuru, na ilipokwisha kupita nikasema, "Nitalifuatilia, Bi Mkubwa. Msiwe na wasiwasi."

Wakaniombea dua kabla ya kuondoka, Mwenyezi Mungu anihifadhi na mahasidi wanaonichafulia jina. Nikaitikia amin. Nilinyoosha viganja vyangu na kuitikia amin, na nikiandika haya sasa sina pa kuutia uso wangu.

Walipoondoka mume wangu alitoka chumbani na gazeti lake.

"Kwani si wewe uliyeandika?"

"Niache," nikamwambia.

Akaniacha, maana amenizoea.

Mkutano ulikuwa baada ya wiki tatu. Wakati ule ule faili langu la kupandishwa kuwa profesa kamili lilikuwa mbele ya kamati ya chuo, na uti wa mgongo wa faili ni kitabu kile. Sitasema kwamba faili halikunipitia akilini. Lilinipitia, likavua viatu, likakaa. Nikaamua nitaandika barua kwa ofisi ile, na niliifanyia kazi barua hiyo siku nne. Nilisema sentensi yangu "imenukuliwa nje ya muktadha wake," na kwamba "haikukusudiwa kuongoza maamuzi ya matumizi ya pwani." Kurasa mbili za lugha safi. Hakuna mahala ndani yake niliposema nilikosea, wala kwamba sikuona. Ilikuwa barua ya mtu anayejua kuandika barua. Kisha nikampigia simu Bi Mkubwa kumwambia nimeshaandika.

"Nlijua," akasema kwa furaha. "Nliwaambia mie."

Mkutano ulifanyika katika darasa la skuli ya kijiji, siku ya Jumatano. Niliposhuka kwenye gari nilitazama baharini. Maji yamekaa pale pale juu ya mashimo. Ofisi ilichagua siku kwa kalenda yake, kama nilivyochagua mimi zamani, na tarehe ile nilikuwa nimeiona wiki tatu kabla, nikaiandika kwenye simu yangu, na sikuuangalia mwezi. Hata safari ile! Wanawake walikuwa wamejua tangu siku ya kwanza kwamba yatakuwa maji mafu. Nilipomuuliza jirani yake Bi Mkubwa mbona hawakuomba siku nyengine, alinijibu kwamba waliona haya kuwapangia wakubwa.

Mbele walikaa sheha na ofisa, kijana mpole na kompyuta yake. Mtu wa mwekezaji alikuwa mstaarabu pia, amevaa shati la mikono mirefu, na kitabu changu alikuwa nacho mkononi kimejaa vikaratasi vya alama. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kukisoma vile. Ofisa alisoma barua yangu kwa sauti. Wanawake waliokaa nyuma wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha yule bwana akasimama.

"Profesa ametuandikia kwamba tumemnukuu nje ya muktadha. Kwa heshima yake, naomba niusome huo muktadha."

Akausoma, ukurasa mzima, kwa Kiswahili changu mwenyewe. Mchanga mweupe usio na alama ya mguu. Maji yaliyofunika kila kitu. "Mawe machache yaliyotawanyika, mabaki ya kazi iliyosahauliwa." Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika mabaki. Alisoma vizuri, bila kejeli, na kila sentensi ilikuwa nzuri, na kila sentensi ilizidi kuitoa pwani mikononi mwa watu waliokuwa wamekaa nyuma yangu. Alipomaliza alionyesha dirishani. "Na tutazame wenyewe," alisema. Darasa zima likageuka kutazama. Kulikuwa na maji tu.

Bi Mkubwa akasimama. Hakuwa ameombwa kusema. "Hayo si yake," alisema. "Mwalimu keshasema si yake, kaandika na barua. Yamegeuzwa hayo." Akanitazama, akingoja niinuke nimsaidie.

Nikainuka. Ilinibidi nishike ukingo wa dawati.

"Ni yangu," nikasema. "Niliyaandika mimi, na hakuna aliyeyageuza. Nilikuja hapa mara nne, zote maji mafu. Bi Mkubwa aliniambia nije bamvua, nikasema inshallah, sikuja. Sikuyaona mashimo kwa sababu sikuja kuyaona. Mawe yale si mabaki. Kila rundo lina mwenyewe, na wenyewe ndio hawa."

Ofisa aliacha kuandika.

"Sasa, Profesa, ofisi ifuate lipi? Kitabu, barua au haya?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kumaliza kazi yake, na kwa sababu hiyo swali lilinichoma zaidi. Nilimwambia afuate haya niliyosema sasa hivi. Akasema basi yaandike utie saini. Nikapewa karatasi ya mtihani, nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti hayaingii, nikaandika kwa mkono: "Sikuona. Nilikosea." Miaka thelathini ya kuandika, na hayo maneno mawili sikuwahi kuyaandika mahala popote. Nikamwomba ofisa arudi Jumatano ya pili, siku za bamvua, atazame kwa macho yake, na akakubali bila ubishi.

Nilipogeuka kumtafuta Bi Mkubwa alikuwa ameshakaa. Alikuwa ameivuta kanga yake mbele mpaka ikafunika nusu ya uso, kama mwanamke anayesikia habari mbaya za mtoto wake mbele ya majirani. Alikuwa anaona haya kwa ajili yangu. Alitoka na wenzake bila kuniaga, na nikarudi mjini peke yangu na redio nimeifunga.

Ofisa alirudi Jumatano ile, na mimi nilirudi. Saa nne maji yalikuwa yametoka mbali, na mahala nilipopiga picha zangu nzuri palikuwa na wanawake kila upande, wengine wamechuchumaa wanafukua, wengine wanaponda, magongo yanagonga kwa zamu, makumbi yamelundikwa, tope mpaka magotini, watu wanaitana na kutaniana. Nilihesabu mashimo mpaka nikaacha. Mtu wa mwekezaji naye alikuwepo, na alinong'ona, "Lo, hatukujua." Nilitaka kumkaripia kwa mazoea, nikakumbuka kwamba alikuwa amenisoma mimi.

Uamuzi ulitoka baada ya mwezi. Pwani ilikatwa mstari. Upande wa kaskazini mawe yabaki na kazi iendelee. Upande wa kusini, mbele ya hoteli, mawe yatolewe. Karatasi ilieleza sababu: ushahidi wa kitaalamu unapingana, hivyo pande zote mbili zimezingatiwa. Niliisoma mara kadhaa nikiwatafuta hao wataalamu wanaopingana. Mmoja ni mimi na mwengine ni mimi. Watu wengi kijijini walisema wameponea, maana walitarajia kukosa pwani yote. Mashimo mengi yalisalimika. Ya Bi Mkubwa yako kusini.

Mwezi huo huo nikapata barua ya kupandishwa kuwa profesa kamili. Nilikuwa nimeiandikia kamati kuieleza kwamba sura ya tano ina kosa kubwa, na kosa lenyewe ni lipi. Walinijibu kwamba wamepokea maelezo yangu na yamewekwa kwenye faili. Sijui kama mjumbe hata mmoja aliwahi kuisoma sura ile. Idara ilinunua keki, wenzangu wakasema maneno mazuri, na keki niliila. Yule mwanafunzi wa zamani wa tasnifu ya wavuvi sasa anafundisha nasi, na yeye ndiye aliyenikatia kipande. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, nikashindwa mbele za watu. Nilimwomba wiki iliyofuata, ofisini kwangu, mlango umefungwa, na hata hilo nililiona ni la woga.

Wenye mashimo ya kusini walipewa mpaka bamvua iliyofuata wawe wamefukua. Nikampigia simu Bi Mkubwa kuuliza kama naweza kuja kusaidia. Akasema, "Pwani haina mlango." Nikaenda. Nilivaa gauni kuukuu na kanga mbili, nikaacha daftari nyumbani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba."

Nilingoja neno lililozoea kufuata, lile la mwanangu, halikuja. Alinipa jembe dogo akanionyesha pa kuanzia.

Ana mashimo matatu, yamepangwa karibu karibu, na mawe yake makubwa kuliko ya wengine. Tulitoa mawe kwanza. Baada ya nusu saa mgongo wangu ulikuwa umekatika na yeye alikuwa hajapumzika. Makumbi yalianza kutoka, meusi kwa nje, yananuka. Aliokota moja, akalipangusa, akaliweka juu ya jiwe na kulipiga gongo. Likaruka. Akalipiga tena. Lilipasuka kidogo ubavuni, na ndani lilikuwa bado gumu, rangi yake ya njano ile ile ya siku lilipotoka kwenye nazi.

"Haya hayapondeki," alisema. "Yana miezi miwili tu. Yataka minne mbele."

"Hayawezi kufukiwa tena upande wa pili?"

"Jirani kanipa nafasi ya shimo moja kwake. Haya ni ya matatu." Akatupa lile kumbi pembeni. "Yaliyobaki yatakauka, yatafaa kuni."

Tukaendelea. Wanawake wengine walipita wakamsalimia yeye, wakanisalimia na mimi kwa adabu, mwalimu hujambo, mwalimu pole na kazi, na kila pole ilinishusha chini zaidi. Tulipomaliza shimo la pili niliinuka, nikafuta mikono kwenye kanga, nikasema nililokuwa nimelibeba tangu Ijumaa ile.

"Bi Mkubwa, nisamehe. Ungekuwa na pwani yako leo kama ningesikia ulichoniambia. Na ulipokuja kwangu nilikuacha uniombee dua hali najua."

Hakuacha kufukua. "Nshakusamehe," alisema. "Siku ile ile, darasani. Ulipata tabu kusimama, nlikuona."

Machozi yalinitoka, na nadhani nilianza kujisikia nafuu. Nikamwambia kwamba nitayaandika yote haya, kama yalivyokuwa, kila mtu ajue kosa ni langu. Hapo ndipo alipoliweka jembe lake chini na kunitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Andika," akasema. "Lakini mama yangu kanonyesha hapa mie nna miaka saba. Kanishika mkono, kanambia hili lako. Mie binti yangu ntamwonyesha wapi?"

Maji yalikuwa yameanza kurudi, na lilikuwa limebaki shimo la tatu. Akaliokota jembe, nami nikaliokota langu.